Wiki Mbili Kabla ya Kuimbishwa

Jumamosi, 2 Septemba

Kwenye treni ya Hamburg. Imechelewa dakika hamsini, na kiti nilichokiwekea nafasi tangu Juni nimekikuta kimekaliwa na kijana wa miguu mirefu. Nikamwonyesha karatasi yangu. Ati, lakini behewa zima liko tupu, mama! Nikamwambia vizuri, basi hutakosa pa kukaa. Ameondoka akiguna. Sasa nimekaa mahali pangu, jua linanipiga usoni, na siwezi kuhama tena baada ya kelele zote zile.

Barua iko kwenye mkoba. Kwa nini nimeibeba likizoni? Naijua kwa kichwa. "Tunawaomba kwa upendo waimbaji wetu wote waliotimiza miaka sitini wafike, mmoja mmoja, kuimba mbele ya mwalimu wa kwaya na kamati." Kwa upendo! Jumamosi tarehe 16, dakika ishirini kwa kila mzee. Atakayeshindwa ataagwa kwa heshima wakati wa Krismasi. Asiyefika atahesabiwa kuwa amejitoa mwenyewe.

Bwana Brinkmann, mwalimu wetu mpya, ana miaka thelathini na nne. Mimi nimeimba sauti ya pili miaka thelathini na nne. Yaani siku niliyosimama pale mara ya kwanza, yeye alikuwa kwenye nepi! Najua kwaya nyingine zinafanya hivi. Sisi wa Wesenrode hatujawahi. Kwetu mtu aliimba mpaka akaanza kusahau njia ya nyumbani, na hata hapo tulimsindikiza.

Sijamjibu. Nimechukua likizo yangu yote dukani — wateja watajipimia miwani wenyewe — na nitasikiliza vinanda vikubwa vya makanisa: Hamburg, Lübeck, Leipzig, Erfurt. Kuimbishwa peke yangu kama mtoto wa chekechea, siendi. Basi.

Jumapili, 3 Septemba. Hamburg

Nimetukanwa kanisani!

Tamasha la kinanda, mchana, kanisa limejaa. Mpigaji akaingia kwenye kipande kilichojengwa juu ya wimbo wa tenzi ninaoujua tangu nikiwa na meno ya utoto. Mimi nikawa navumisha sauti ya pili chini chini. Mdomo umefumbwa! Hata nzi asingeshtuka. Mzee aliyekaa mbele yangu, shingo nyembamba, kitabu cha noti kimefunguliwa magotini, penseli sikioni, akageuka mwili mzima.

"Mama, nimekuja kusikiliza kinanda. Sikuja kukusikiliza wewe."

Si kwa kunong'ona. Kwa sauti! Benchi zima likanitazama. Mwanamke mmoja akatikisa kichwa kama vile nimewasha sigara. Nimepata majibu sita tangu nirudi hotelini, na la nne ni zuri sana, ila hayupo wa kuambiwa.

Mtu wa kusoma noti magotini ili amkamate mpigaji akikosea. Nawajua hao. Hawaji kusikiliza, wanakuja kukagua.

Jumatatu, 4 Septemba. Hamburg

Mvua. Mkate wenye samaki ndani ulikuwa mzuri, ndiyo kitu pekee. Nimevuka barabara taa ikiwa nyekundu, hakuna gari hata moja, na mama mwenye kigari cha mtoto akaniambia, mfikirie mtoto anayekutazama. Mtoto alikuwa amelala.

Nchi hii kila mtu ni mwalimu wa mwenzake. Nimechoka.

Jumanne, 5 Septemba. Lübeck

Yuko hapa! Shingo ile ile.

Nilikuwa mgahawani, saa ya kahawa, keki ya plamu na nyigu wake. Meza zote zimejaa. Nikasikia nyuma yangu, "Hapa pako wazi?" Nikasema pako wazi kabla sijainua macho. Akaketi. Tukatazamana.

"Ah," akasema. "Mama wa Hamburg."

Nikamwambia ndiyo, na leo nitakunywa kahawa kwa sauti, akiona vibaya ahame. Hakucheka. Aliweka kitabu chake cha noti mezani, akakifunika kwa leso nyigu wasikikanyage, kisha akasema, taratibu kama anayesoma ripoti, kwamba sauti yangu ya pili ilikuwa sahihi. Kila noti. Hata pale watu wengi wanapoteleza.

"Lakini hukupaswa kuimba," akaongeza.

"Kwa hiyo unanisifu au unanigombeza?"

"Vyote viwili. Ni mambo mawili tofauti."

Jamani! Nikacheka bila kutaka. Hasira iko pale pale, lakini nilicheka, na nyigu akaingia kwenye kahawa yangu.

Jina lake Eckart Sievers. Sabini na sita. Mjane. Anazunguka miji ile ile niliyoipanga mimi, kwa sababu kila mpenda vinanda hupanga miji hiyo hiyo. Kesho kuna tamasha saa sita. Akaniuliza kama nitakuja. Nikasema nitakuja, na nitakaa mbele yake.

Jumatano, 6 Septemba. Lübeck

Siku nzima na Bwana Sievers. Tumegombana juu ya mwendo wa mpigaji (yeye: haraka mno, mimi: angalau hatukulala), juu ya samaki, juu ya njia fupi ya kwenda bandarini. Yeye ndiye aliyekuwa na ramani na yeye ndiye aliyepotea. Sijafurahi hivi tangu masika, na hilo lenyewe linaniudhi.

Kitabu chake cha noti si chake. Alama za penseli zimeandikwa na mkono mwingine, mdogo, wa mviringo: vuta pumzi hapa, usipige kelele, mtazame E. Nikamwuliza nani E. Akasema, mimi. Kilikuwa kitabu cha mke wangu, Annegret. Aliimba sauti ya pili kama wewe. Halafu akaanza kunieleza habari za mabomba ya kinanda, kwa urefu.

Jioni Gerlinde kapiga simu. Gerlinde Opitz amesimama kulia kwangu kwenye kwaya tangu nilipoingia. Siku ile ya kwanza nilipotea kwenye ukurasa wa pili, naye akanishika kiwiko, akanigonga mapigo kwa kidole mpaka nikajikuta. Ana miaka sabini na moja, ni mjane, na juma lake zima ni Alhamisi ya mazoezi na siku sita za kuisubiri.

Anasema Horst wa sauti ya nne amekwenda kuimbishwa mapema kwa sababu ana safari. Miaka arobaini kwenye kwaya. Wamemwambia asante, na watampa maua Krismasi.

"Horst!" nikapiga kelele. "Na huyo Brinkmann wako bado anatembea barabarani salama?"

"Mdogo wangu, usiseme hivyo. Anajaribu tu kuwa wa haki." Kisha, kwa sauti ndogo: "Wewe utakuja, Rosi? Mimi peke yangu pale mlangoni sitaweza."

Nikasema simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Ijumaa, 8 Septemba. Leipzig

Foleni nje ya kanisa tangu saa kumi. Bwana Sievers alitangulia akanishikia nafasi kwa koti lake. Mama mmoja akamwambia hapa makoti hayasali, akamjibu kwamba koti hili linaimba vizuri kuliko wengi. Nilimpenda sana dakika ile. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Wavulana wa kwaya ya kanisa waliimba. Sitasema kitu. Nililia, na yeye akatazama upande mwingine kwa adabu.

Baadaye, kwenye bia, nikamwambia yote. Brinkmann, tarehe 16, Horst na maua yake. Nilitegemea akasirike pamoja nami. Akaomba kuiona barua. Akavaa miwani — lenzi zake zimepitwa na wakati, nimeona mara moja — akaisoma mara mbili. Uso ukambadilika.

"Sentensi ya tatu, hii ya 'kwa upendo', ni mbaya," akasema.

"Zote ni mbaya!"

Akaikunja vizuri kufuata mikunjo yake ya zamani, akanirudishia, akasema amechoka, tuonane kifungua kinywa. Bia yake aliiacha nusu.

Jumamosi, 9 Septemba. Leipzig

Nitaandika kwa mpangilio la sivyo nitavunja kitu.

Kifungua kinywa. Amekaa, hajagusa mkate. Akasema, Bi. Thiele, sentensi ya tatu niliiandika mimi.

Alikuwa mwalimu wa kwaya! Miaka ishirini na tisa, mji mmoja kando ya mto Weser. Yeye ndiye aliyeanzisha kuimbishwa kule kwao, mwaka 1991. Aliandika barua, akatengeneza fomu, akazipeleka kwenye mkutano wa walimu wa kwaya, wenzake wakapiga nakala. Wanafunzi wao wakapiga nakala. "Kwa upendo" ni yake. Alidhani inapunguza makali.

Nikasema, umekaa nami siku nne na hukuniambia ulikuwa mwalimu. Akasema, hukuniuliza. Hukuniuliza! Nilikuwa na yai mkononi, na Mungu ndiye aliyeniokoa.

Halafu akaniambia habari ya Annegret. Alipofikisha miaka sitini naye alipata barua. Kutoka kwa mumewe, ikaletwa na posta, nyumba moja! Kwa sababu kila mtu alipata kwa posta. Nikamwuliza, hukuweza kumwacha yeye tu? Akanitazama kama nimemwomba aibe.

"Ningemwacha yeye, watu wangesema. Kanuni ni ya wote au si kanuni."

Annegret akaja siku yake, saa yake, akagonga mlango ingawa walikuwa wametoka pamoja nyumbani na gari moja. Akaimba mbele ya mumewe na watu watatu wa kamati. Alama za kupita ni nane kati ya kumi na tano. Mumewe ndiye aliyejaza fomu. Akampa saba.

Alisema asante. Akarudi nyumbani akapika chakula cha mchana. Na hakuimba tena miaka kumi na moja, mpaka anazikwa. Si jikoni, si kwenye gari, si Krismasi. Kanisani alisimama wakati wa tenzi, amefungua kitabu, mdomo umefungwa, na mumewe pale juu, akipiga kinanda, anamwona kwenye kioo chake kila Jumapili.

Alama moja! Mwanamke amenyamaza miaka kumi na moja kwa alama moja, ili watu wasiseme!

Nikamwambia wewe si mpenda muziki, wewe ni karani. Nimeondoka. Watu wa hoteli wote walitazama, na safari hii sikuona haya.

Jumapili, 10 Septemba. Erfurt

Nimekuja peke yangu. Nimekasirika kwa niaba ya mwanamke nisiyemjua, na hasira hiyo imenikaa kifuani kuliko yangu mwenyewe.

Ibada asubuhi. Nimeimba tenzi zote kwa nguvu, kwa makusudi, kwa ajili ya Annegret. Ubeti wa tatu, pale juu, sauti ikatikisika. Kidogo tu. Kuna baridi kwenye makanisa haya ya mawe, na mlango ulikuwa wazi.

Mlango ulikuwa wazi.

Jumatatu, 11 Septemba. Erfurt

Alikuwa kwenye benchi mbele ya hoteli yangu, na koti lake, kama mtu anayesubiri basi. Nikampita. Akasema nina jambo moja la kusema, kisha nitakwenda. Nikamwambia sema, una dakika moja, mimi si wa dakika ishirini.

Akasema, usijitoe kwa kunyamaza. Nenda ukaimbe. Ukishindwa, shindwa kwa sauti. Annegret alikubali kimya kimya, na yeye, mumewe, akamwacha akubali kwa sababu ilimrahisishia kazi.

Ndipo nikauliza. Sijui lilitoka wapi.

"Na kweli aliimba saba?"

Mtu wa soseji ng'ambo ya barabara alikuwa anapanga mikate. Nilihesabu mikate kumi na mbili.

"Tisa," akasema. "Aliimba tisa. Kamati nzima waliandika tisa. Mimi nikaandika saba, na kalamu ya mwisho ilikuwa yangu. Niliogopa watasema nimempendelea."

Nilimtukana. Pale mtaani, kwa maneno ambayo sijayatumia tangu talaka yangu. Hakujitetea. Aliitikia kwa kichwa kila tusi, kama mtu anayehakikisha orodha iko kamili, na hiyo ikanitia wazimu zaidi. Mwisho akasema kwamba Hamburg aliponisikia nyuma yake, kabla hajageuka, alijua nani anaimba. Alijua kabisa. Halafu akageuka, akaniona mimi.

"Ndiyo maana nilikufokea. Nilikasirika kwa kuwa hukuwa yeye."

Akainuka. Akaniomba samahani kwa Hamburg tu. Kwa mengine alisema hana wa kumwomba. Akaenda stesheni. Shingo ile nyembamba. Sikumwita. Nilitaka kumwita, na sikumwita, na nimekasirika kwa hilo pia.

Jumanne, 12 Septemba. Erfurt, kisha nyumbani

Nimekatisha likizo. Sitaki kinanda kingine. Nimempigia Brinkmann kutoka kwenye treni: nitakuja Jumamosi. Akasema, nafurahi sana, Bi. Thiele, nilikuwa na wasiwasi. Wasiwasi! Ana sauti ya upole, kijana yule, ya mtu aliyelelewa vizuri, na hilo halimsaidii kitu kwangu.

Nitaimba. Kisha nitasimama mbele ya kamati yake na nitawaambia habari ya saba na tisa, bila kutaja majina. Nitawauliza ni nani kati yao mwenye sikio la kumhukumu mtu aliyeimba naye. Hotuba nimeianza. Kurasa nne.

Alhamisi, 14 Septemba. Wesenrode

Gerlinde amekuja na keki na wasiwasi. Hajala siku tatu, anakunywa chai ya koo tu, amefunga skafu hata ndani. Tumefanya mazoezi sebuleni, lakini hakutaka kuimba kwa sauti yote, ati anaitunza. Nilimwambia habari ya Annegret. Akalia. Kisha akasema, maskini yule mume.

"Maskini nani?" Nikaweka kikombe chini. "Gerlinde, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia, mdogo wangu. Wote wawili maskini."

Hakuna mtu mwema kama yeye, na wema wake wakati mwingine nataka kuutupa dirishani. Nimeapa: wakimgusa Gerlinde, nitaipindua piano yao. Brinkmann, kamati, wote wataniona. Mimi nikitolewa, sawa, nitapiga kelele mji mzima usikie. Lakini Gerlinde, hapana. Hana kingine.

Kurasa saba sasa.

Jumamosi, 16 Septemba. Nyumba ya parokia, kwenye korido

Orodha imebandikwa mlangoni, kwa alfabeti, hata hapa! Opitz saa nne na dakika ishirini. Thiele saa nne na dakika arobaini. Nimekaa kwenye kiti cha watoto wa shule ya Jumapili, magoti yamefika kidevuni. Hotuba iko mkobani. Gerlinde ameingia sasa hivi. Mikono yake ilikuwa baridi kama vijiko.

Mlango ni mwembamba, nasikia kila kitu. Brinkmann anamwambia achukue muda wake. Anampigia ngazi za sauti, polepole. Anampigia vizuri, kwa kweli. Hamharakishi.

Anaanza.

Ni wimbo wetu wa Pasaka, sehemu ya sauti ya pili. Tumeuimba pamoja mara mia.

Anashuka. Mstari wa kwanza tu na ameshuka. Piano inamngoja kule juu naye hajui. Amemeza noti mbili. Brinkmann ameanza upya, amemwinulia kidogo, anamsaidia. Anashuka tena, pale pale.

Tangu lini? Miaka mingapi yuko hivi? Nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Nilikuwa najisikiliza mwenyewe.

Lo, haya ni mabaya. Si woga. Najua woga unavyosikika. Hii ni sauti iliyokwisha. Akiwa katikati yetu anatuvuta chini sote, ndiyo maana Pasaka tuliishia nusu noti chini ya kinanda na mimi nikamlaumu Brinkmann kwa mwendo wake. Niliwaambia watu wote ni Brinkmann.

Ningekuwa mle ndani, na fomu mbele yangu, nisingempitisha.

Nimeandika hivyo. Nimekaa hapa na hasira yangu yote ya wiki mbili, na sina pa kuipeleka.

Amemaliza. Viti vinasogezwa. Wanasema kitu, sisikii, chini chini.

Ametoka. Amekaa kwenye kiti cha mtoto pembeni yangu, amefungua skafu, mashavu yamewaka. Anatabasamu! Anasema watampigia simu kesho. Anasema anadhani imekwenda vizuri, aliisikia kichwani kama zamani.

"Ulikuwa unasikia, Rosi? Niambie. Wewe ndiye utakayeniambia kweli, wao watasema tu maneno ya heshima. Nimeimbaje?"

Nimemwambia ngoja nimalize kuandika sentensi hii.

Mlango umefunguliwa. Brinkmann amesimama pale na karatasi zake, anasema, Bi. Thiele, karibu, ukiwa tayari. Gerlinde ameweka mkono juu ya kiwiko changu. Ananitazama. Hataki kuuondoa mpaka nijibu.

Na mimi naandika. Bado naandika.